Siri za Majirani Katika Michezo ya Televisheni

Jirani ni mtu wa ajabu, msomaji. Si ndugu yako wala si mgeni wako, lakini huijua nyumba yako kuliko ndugu akaaye mbali, na kuliko mgeni uliyemkirimu kwa siku tatu. Husikia mtoto wako akilia usiku, huona moshi wa jiko lako ukichelewa kupanda, na hujua siku uliyorudi mikono mitupu. Katika mji wa Isiolo, ambao Chechelesi ni mmojawapo wa mitaa yake, Mborana hupakana na Msomali, na Mmeru hupakana na Mturkana. Kila ua una lugha yake, na kila lugha ina mambo isiyoyasema mbele ya mwenye ua wa pili. Juu ya jambo hili lionekanalo dogo, yaani jirani na siri yake, imejengwa michezo ya televisheni iliyotazamwa na mamilioni ya watu, kwao na kwetu. Yafaa tuitazame historia yake, maana ndani yake mna mambo makubwa kuliko kicheko.

Tuanze mbali, ndipo turudi nyumbani. Tarehe 3 Oktoba 2004 kituo cha ABC cha Marekani kilianza kuonyesha mchezo uitwao Desperate Housewives, yaani wake wa nyumbani waliokata tamaa. Mahali pa mchezo ni njia moja ya kubuniwa, Wisteria Lane, yenye nyumba safi, majani yaliyokatwa sawasawa na maua mbele ya kila baraza. Katika sehemu ya kwanza kabisa mwanamke mmoja wa njia ile, Mary Alice Young, anajiua kwa bastola. Tangu hapo sauti yake, sauti ya maiti, ndiyo inayotusimulia habari za rafiki zake walio hai. Rafiki hao wanapopanga nguo zake wanaona barua ya vitisho iliyoandikwa na mtu aliyeijua siri yake. Na mwandishi wa barua hiyo, kama watazamaji walivyokuja kujua, alikuwa jirani. Mchezo ule ulidumu miaka minane, ukafikia sehemu 180, ukaisha tarehe 13 Mei 2012. Mwaka 2005 mke wa Rais wa Marekani, Laura Bush, aliwachekesha waandishi wa habari katika karamu yao kwa kujiita yeye mwenyewe mmoja wa wanawake hao. Waargentina, Wabrazil na Waturuki walijitungia michezo yao kwa mfano wa ule, na mwaka 2015 Wanigeria nao wakautoa wao, ukiwa na mtaa wa matajiri wa Lagos badala ya Wisteria Lane.

Mtungaji wake, Marc Cherry, alisimulia mara nyingi asili ya wazo lake. Mwaka 2002 alikuwa akitazama na mama yake habari za kesi ya mwanamke aliyewaua watoto wake mwenyewe. Cherry alistaajabu jinsi mama awezavyo kufikia hapo. Na mama yake, ambaye mwanawe alimdhania kuwa mtu aliyeridhika na maisha siku zote, alimjulisha kwamba hata yeye alipata kuifikia hali ya kukata tamaa. Mwana amekaa na mama yake maisha yake yote, naye hakujua! Kwa maoni yangu neno hilo moja la mama lina uzito kuliko sehemu zote 180 zilizolifuata.

Yasemwa kwa Kiswahili kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa nyumba za Wisteria Lane methali hii ilikuwa kweli kwa namna ambayo wazee waliotuachia hawakuiwaza. Njia ile ilikuwa ndani ya viwanja vya kupigia sinema vya kampuni ya Universal, Los Angeles, na nyingi za nyumba zake zilikuwa sura za mbele tu: mlango, madirisha na baraza. Mchezo kuhusu watu wafichao ya ndani ulichezwa mbele ya nyumba zisizokuwa na ndani.

Lakini mitaa ile ya pembezoni mwa miji ilitoka wapi hata ikawa na siri za kuchezewa michezo? Ilitoka vitani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1944 iliwasaidia askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia kukopa fedha za kununua nyumba. Kati ya mwaka 1947 na 1951 kampuni ya Levitt ilijenga nyumba zaidi ya 17,000 zilizofanana, karibu na jiji la New York, mahali palipoitwa Levittown. Mikataba ya kwanza ilikataza nyumba hizo kukaliwa na watu wasiokuwa weupe. Basi askari mweusi aliyepigana bega kwa bega na wenziwe hakuweza kuwa jirani yao. Siri ya kwanza ya mitaa ile, msomaji, haikufichwa kabatini mwa mtu. Iliandikwa katika karatasi ya mkataba, ikatiwa sahihi.

Sasa turudi Isiolo, maana nao ni mji ulioanzishwa kwa askari waliotoka vitani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwapa makao hapo Wasomali waliokuwa wametumika katika majeshi ya Mwingereza, na katika miaka ya 1920 mji ukaanza kushika mizizi. Kwa hiyo Isiolo na Levittown zina nasaba moja: ujira wa askari. Tofauti yao ni moja nayo ni kubwa. Askari wa Levittown alipewa nyumba na hati. Askari wa Isiolo aliruhusiwa kukaa, lakini kukaa si kumiliki, na jambo la ardhi ya mji ule halikupata kutulia. Hata katika miaka yetu hii kelele za viwanja vilivyogawiwa watu wawili zimesikika mara kwa mara, na ziliongezeka tangu Isiolo ilipotiwa katika mpango wa barabara, reli na bomba la mafuta kutoka Lamu. Yule uliyemwazima chumvi jana huenda anayo sandukuni barua yenye namba ya kiwanja chako, nawe huna habari; au unayo wewe yenye namba ya chake, naye hana habari. Hii ndiyo siri ya majirani kwa maana yake kamili, wala hakuna aichekaye.

Tena mji huo ulikuwa lango. Kwa sheria ya mwaka 1902 wilaya za mbali za Kenya zilifungwa, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikakaza fundo. Mtu hakuweza kuingia wilaya za mpaka wa kaskazini wala kutoka bila ruhusa, na kizuizi cha Isiolo ndicho kilichogawanya nchi mbili zilizoitwa kwa jina moja. Waliokuwa upande wa kusini hawakujua habari za ndugu zao wa kaskazini isipokuwa kwa uvumi, na wa kaskazini vivyo hivyo. Nchi nzima ilifanywa kuwa ua wa jirani uliofungwa.

Ikaja saa ambayo siri ilikuwa na bei ya roho. Uhuru wa Kenya ulipokaribia, wengi wa wakazi wa kaskazini walitaka kujiunga na Somalia, na wengine walitaka kubaki Kenya. Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, alikwenda kuzungumza na watu pamoja na chifu mkuu wa Waborana, Haji Galma Dida. Tarehe 28 Juni 1963 wote wawili waliuawa katika safari hiyo, upande wa Modogashe. Jina la Wabera limebaki katika wadi ya mji wa Isiolo na katika barabara moja ya Nairobi, ambayo maelfu huipita kila siku bila kujiuliza ni la nani. Desemba 1963, muda mfupi baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa katika kaskazini mashariki, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hata mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967.

Tafakari, msomaji, hali ya majirani katika miaka ile. Aliyemwona mgeni akiingia kwa jirani usiku aliweza kunyamaza, na kwa kunyamaza akahesabiwa kuwa pamoja na waasi. Au aliweza kusema, na kwa kusema akahesabiwa kuwa msaliti. Serikali iliwakusanya watu wa wilaya ya Isiolo katika kambi zilizolindwa, Garba Tula, Merti na Modogashe. Huko wafugaji waliozoea kutengana kwa mwendo wa siku nzima walibanwa ukuta kwa ukuta, na mifugo yao ikafa kwa kukosa malisho au kwa risasi. Waborana wa Waso huita wakati ule Daba, yaani wakati wa kuzuiwa. Waliotoka humo wengi walitoka bila mnyama hata mmoja, wakaja kuwa watu wa mjini kwa sababu nyika haikuwa na cha kuwarudishia. Mitaa ya Isiolo ilikua kwa watu wa namna hii. Ukikutana na mzee wa Isiolo ambaye hupenda kujibu maswali kwa maswali, usimdhanie kuwa mkaidi. Alijifunza mahali ambapo jibu lilikuwa hatari.

Katika miaka iyo hiyo, Nairobi ilikuwa ikipata chombo kipya. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na mwaka 1964 serikali iliichukua pamoja na redio, ikaiita Sauti ya Kenya. Chombo kilikuwa cha wachache, na picha zake kwa muda mrefu zilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zilikuja mwaka 1978. Lakini humo ndimo Kiswahili kilimopata jukwaa lake la vichekesho. Michezo miwili ilishinda yote kwa umri na kwa kupendwa: Vitimbi, na Vioja Mahakamani.

Vioja Mahakamani ni mchezo wenye busara katika umbo lake, hata kama wachezaji hawakujisumbua kuijadili busara hiyo. Katika mchezo wa Marekani siri hufichuliwa na marehemu, aliye juu ya wote na ambaye hakuna awezaye kumhoji. Katika mchezo wetu siri hufichuliwa mahakamani: mshtakiwa husimama kizimbani, karani husoma mashtaka, jirani huja kutoa ushahidi, na mshtakiwa hupata nafasi ya kumuuliza jirani maswali. Makokha na Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti walidanganya mbele ya hakimu kwa ufundi uliomfanya mtazamaji aombe uongo usiishe mapema. Kila mmoja alikuja na lafudhi ya kwao, na nchi ikajifunza kujicheka kwa lafudhi zake. Hapa pana neno moja kwa msomaji wa Chechelesi. Katika majina yale yaliyovuma zaidi mlikuwamo Mluhya, Mjaluo na Mkalenjin, lakini jina la kaskazini halikuvuma hivyo. Kizuizi cha Isiolo kilikuwa kimeondolewa barabarani. Katika kicheko cha taifa kilikuwa bado kimesimama.

Juu ya Vitimbi sitasema mengi, maana wengi huwafahamu Mzee Ojwang na Mama Kayai bila kufundishwa. Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza lafudhi ya Mjaluo, na watazamaji wengi walijua asili yake walipomzika tu, mwaka 2015. Hiyo nayo ni siri ya jirani, wala haikumdhuru mtu.

Mwaka 1987 siri za nyumbani zilipewa kazi nyingine. Nchini Mexico, Miguel Sabido alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mchezo wa mapenzi na ugomvi unaweza kuwafundisha watu mambo ya afya na uzazi bila wao kukimbia. Sauti ya Kenya ilitoa mchezo wa televisheni ulioitwa Tushauriane, na redio ikatoa Ushikwapo Shikamana, yote miwili kwa Kiswahili, yote miwili juu ya idadi ya watoto, jambo ambalo mume na mke wengi walikuwa hawajapata kulitamka hata wao kwa wao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Katika hesabu ya mwaka 1993 wastani ulikuwa umeshuka hata watoto 5 na kitu. Si haki kuupa mchezo sifa ya badiliko hilo lote, maana shule na zahanati na ada za shule zilifanya sehemu kubwa.

Walioupima mchezo kwa uangalifu walikuwa majirani zetu wa kusini. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza Twende na Wakati, hadithi ya Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani. Kwa miaka miwili mitambo ya Dodoma haikuirusha hadithi hiyo, bali vipindi vingine, ili wachunguzi wapate mahali pa kulinganisha. Waliona kwamba penye mchezo watu walizungumza zaidi na wenzi wao na walitumia zaidi njia za kupanga uzazi. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa. Siri ya Mkwaju ilikuwa ikijulikana katika kila kituo cha malori kutoka Dar es Salaam hata mpakani. Aliyekuwa haijui ni Tunu peke yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wazee, lakini hawakusema lolote juu ya mtungi ambao kata zote za mtaa zimekwisha kuuchota.

Nimefika sasa kwa mchezo niuonao kuwa bora kuliko yote ya namna hii katika Kenya, nao ni Papa Shirandula, ulioanza Citizen mwaka 2007. Mkubwa wake, Charles Bukeko, alifariki Julai 2020 wakati wa maradhi ya korona. Hadithi yake ni rahisi mno. Papa ni bawabu, mlinzi wa langoni, naye humficha mkewe Wilbroda kazi hiyo, akimwacha aamini kwamba mumewe ni mtu mwenye cheo. Basi. Hakuna maiti, hakuna bastola, hakuna barua ya vitisho.

Kwa nini basi siri hii ndogo ilitosha kwa miaka kumi na zaidi? Kwa sababu haikuwa ndogo. Wanawake wa Wisteria Lane walificha dhambi: wizi, zinaa, mauaji. Papa alificha kazi ya halali. Hakumwibia mtu, hakumdhuru mtu; alisimama langoni pa mwenye mali, akapata mshahara, akaleta nyumbani. Aliona haya kwa jambo ambalo katika nchi yenye haki angelitangaza. Na watazamaji wake walimwelewa mara moja, kwa kuwa katika nyumba nyingi za mijini kuna mtu aondokaye asubuhi na jina moja la kazi na kuifanya nyingine. Mabawabu wenyewe, wakitazama katika vibanda vyao au katika duka la jirani, walijiona shujaa wa hadithi kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo walikuwa watu wa kufungua lango ili hadithi ya mwingine ipite. Hatari ya kila juma ilikuwa moja tu, kwamba Wilbroda atajua. Lakini mtazamaji makini alijiuliza jambo la pili: na akijua, itakuwaje? Je, atamwacha kwa sababu ni bawabu, au kwa sababu hakumwamini kiasi cha kumwambia? Hilo la pili ndilo alilokuwa ameliona mama yake Cherry, na ndilo linaloumiza.

Wengine husema michezo hii huwafundisha watu umbeya. Siwezi kukubaliana nao moja kwa moja. Umbeya ulikuwapo Chechelesi kabla ya waya wa umeme, na ulikuwapo katika kambi za Daba, ambako uliua. Mchezo huchukua kitu hicho hicho na kumpa mtu asiyekuwapo, Papa au Mkwaju, ili jirani aliye hai apumzike. Mke asiyeweza kumuuliza mumewe habari za safari zake huweza kumuuliza habari za Mkwaju, na mume akijibu, kwa sehemu anajibu juu ya nafsi yake. Lakini nakubali kwamba si kila siri yafaa kuchezwa. Ile ya mzee aliyenyamaza mwaka 1966 ni yake. Mwombe akuambie akitaka, uandike akiruhusu, wala usiitie kicheko.

Kwa mtunzi kijana wa Isiolo mna hadithi tele ambazo hazihitaji kuazimwa Lagos wala Los Angeles. Chukua maziwa tu. Kila siku akina mama wa mji huo hupokea maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji, huyapima, huyatia katika madumu, huyapakia katika mabasi ya kwenda Nairobi, na wateja wa Eastleigh huyanywa. Biashara yote imesimama juu ya kuaminiana kwa watu wasioonana: mfugaji nyikani, mpokeaji mjini, kijana wa basi, mwuzaji wa Eastleigh. Sasa siku moja simu yatoka Nairobi kwamba dumu moja lina maji. Madumu yalikuwa kumi, ya wanawake kumi wa mtaa mmoja, na mmoja wao jana alimfiwa mume, wa pili anadaiwa ada ya shule, wa tatu ana kiwanja chenye hati mbili. Wote watakutana kesho alfajiri penye mizani, kama kawaida, na kila mmoja atamsalimu mwenziwe kwa lugha ya mwenziwe kabla ya kufungua kifuniko.